Volkmar Ajitoa Uwanjani

Kocha wa timu ya kikapu ya mji mmoja wa Ujerumani alipofariki, nahodha Volkmar Behnke alikubali kufundisha huku akicheza. Mechi yake ya kwanza ilikaribia kwisha wakiwa nyuma kwa pointi moja, na goti lake lilikuwa limevimba. Akaomba mapumziko mafupi.

“Ansgar, unaingia.”

“Nani anatoka, kocha?” Ansgar, mchezaji wa akiba, aliuliza. Mpaka siku hiyo wachezaji walimwita Volkmar kwa jina lake tu.

“Mimi.”

Wenzake waliinamisha vichwa. Alimshika Ansgar bega, akamsukuma taratibu uwanjani. Kiti kilikuwepo, lakini hakukaa. Mpira ulipomfikia, Ansgar aliruka, akarusha. Pale pembeni, mikono ya Volkmar nayo iliinuka, mitupu, ikabaki hewani.