Nafasi Ipo Darasa la Tatu

Mama mgeni alifumua pindo la gauni lake kwa meno, akalikunja, akashuka ngazi kulipeleka kwa fundi cherehani wa nyumba ya chini. Gauni halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa la tatu wiki hiyo.

"Na hili nalo limefumuka?" fundi aliuliza, akilishika pindo lililolowa mate.

"Nguo za siku hizi, dada!"

Fundi alicheka, akamsogezea kigoda. Alijua fika kilichomleta.

Walikuwa wamehamia mtaa ule katikati ya likizo: mama, mumewe na binti yao wa miaka tisa. Hawakumjua mtu. Shule ya msingi ilikuwa nyuma tu ya ukuta wao, imefungwa, kimya. Nafasi ipo, mwalimu mkuu alisema, tena kabla hajaulizwa. Hilo ndilo lililomtia mama wasiwasi. Shule nzuri ina nafasi toka lini?

Maana mtoto alikwishaumia. Kule walikotoka, shuleni hakuna aliyemwita wacheze. Akaacha kuzungumza, kwanza darasani, halafu hata nyumbani. Sasa alishinda ngazini na vibanio vya nguo, akivipa majina, akivinong'oneza. Mama alimsikia kutoka jikoni. Akikosea tena shule, yule mtoto atafunga mdomo moja kwa moja.

"Niambie ukweli, dada. Walimu wanapiga?"

"Wangu yuko hapohapo, darasa la tatu, litakalokuwa la binti yako. Hajaguswa hata kwa unyasi."

"Na kusongamana?"

"Anakaa kwa raha zake. Mwalimu anamkagulia daftari mstari kwa mstari. Akiinua mkono tu, kashaitwa."

"Watoto hawachokozani?"

Fundi alikata uzi. "Muhula mzima hajaniletea chozi la kuchokozwa."

Jioni mumewe alimcheka. "Mke wangu, unamtafutia mtoto shule au mchumba? Si umeambiwa ni nzuri?"

"Nimeambiwa na mtu mmoja, naye ndiye anayeshona sare zao. Atasema mbaya?"

"Basi kamuulize mwingine." Akabeba mkoba wake, akaenda zamu kiwandani. Nyumba ikabaki na watu wawili na sauti ya bomba linalovuja.

Kesho yake mama alimuuliza mwenye duka. Yule bibi aliacha kupima sukari.

"Wangu alikuwa hapo, darasa hilohilo la tatu. Nilimtoa."

Mama akashika kaunta. "Kulikuwa na nini?"

"Mie kwa macho yangu sikuona kitu. Ila jirani yangu alimtoa wake, nikasema huyu kuna jambo kaliona. Mtu hamtoi mtoto bure!"

"Na jirani aliona nini?"

"Yeye alimtoa kwa sababu shemeji yake kamtoa wake." Bibi akafunga sukari. "Na chumvi je, unataka?"

Mama hakuitaka chumvi. Alikwenda mbio kwa fundi, safari hii mikono mitupu.

"Umenificha nini? Wenzio wametoa watoto!"

Cherehani ilisimama. "Wametoa, ndiyo. Kila mmoja akimtazama mwenzake. Waulize kosa la mwalimu, hakuna wa kukutajia."

"Na wewe?"

"Mimi wangu yupo. Likizo ikiisha atarudi palepale. Mama gani angemrudisha mwanawe kwenye baya? Hebu nitazame."

Mama alimtazama. Macho yalikuwa na machozi, lakini uongo hakuuona.

"Mlete, dada," fundi alisema, sauti ikishuka kama ya mtu anayeomba maji. "Sare nitamshonea mwenyewe. Sitaki malipo. Mlete tu."

Hapo mama akalegea. Anayewinda wateja hashoni bure.

Siku ya kufungua, walimalizana ofisini kengele ikiwa imekwishalia. Wakapita darasa la kwanza, watoto wakiimba. Wakapita la pili, watoto wakiandika imla. Binti alikuwa amening'inia kwenye kanga ya mama yake, macho chini, midomo imebanwa. Mwalimu wa darasa la tatu aliwangoja mlangoni. Alikuwa mwanamke mpole, chaki mkononi, naye alimpokea mtoto kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgeni wa mbali.

"Karibu sana," alisema. "Tumekungoja."

Akasukuma mlango.

Madawati yalipangwa safu hadi ukuta wa nyuma, yamefutwa vumbi, na yote yalikuwa matupu, isipokuwa la mbele. Hapo mtoto wa fundi alikuwa amekwishasimama, akihesabu kwa kidole, yeye na mgeni, uso unawaka.

"Mwalimu," alisema, "sasa tuko wawili!"