Agustina wa Maktaba

Tangu masika, hakuna mtu wa Itiryo aliyeitikia salamu ya Agustina. Aliwaamkia wazee shikamoo wakiingia maktabani kusoma gazeti, nao wakapita hadi kwenye benchi, kimya kama maji mtungini. Iliuma, tena iliuma sana.

Kosa lake alidhani analijua. Kwenye semina ya wakutubi pale Tarime mjini waliambiwa kila mmoja ajenge jina lake mtandaoni, ila awe yeye mwenyewe, asiigize. Basi Agustina akaacha kile Kiswahili cha puani alichorudi nacho kutoka Dar es Salaam. Akajirekodi kwa simu, kandambili miguuni, akisimulia vitabu kwa lafudhi ya kwao, na akasema wazi kwamba kidato cha nne alipata ziro. Akajiita Agustina wa Maktaba. Watu walicheka, wakaja, wakaazima vitabu hadi rafu zikabaki nusu.

Halafu mto ukafurika. Siku hiyo alikuwa akivusha boksi la vitabu vya shule ya ng'ambo. Simu ikaenda na maji, video zikaisha, na kijiji kizima kikamgeuzia kisogo. Ndiyo malipo ya kujianika, aliwaza. Wamekujua ulivyo, wamekuchoka.

Aliyemkera zaidi ni Eunice, wifi yake, mke wa kaka yake Felix. Eunice alishika funguo, akakalia kiti chake, akaanza na yeye kuwasimulia watoto vitabu, kwa maneno yale yale ya Agustina. Mwizi wa jina ni mbaya kuliko mwizi wa ng'ombe. Ng'ombe utafuata nyayo zake.

"Eunice, niachie jina langu," alimwambia kila asubuhi. "Sina kingine."

Eunice alijikunyata, akajifunga kanga vizuri, akaenda kufunga dirisha.

Siku ya soko alikuja na binti yake mchanga mgongoni. Mtoto huyo alikuwa analia tangu kuzaliwa. Titi alilikataa, na dawa ya zahanati haikusaidia kitu. Nyuma yao aliingia Wegesa, shangazi wa Felix na Agustina, amechoshwa na kelele hizo.

"Huyu haumwi," Wegesa alisema. "Kuna marehemu wa ukoo anataka jina lake lirudi. Tutataja moja moja. Akisikia la mwenyewe, atanyamaza. Mlete hapa."

Akampakata, akaanza. Boke. Ghati. Robi, aliyezikwa kule kwenye mihogo. Mtoto akazidi kulia hadi wazee wakaacha gazeti. Majina ya akina bibi yakaisha, na Wegesa akamtazama Eunice.

"Kuna moja unaliruka."

"Shangazi, sitaki. Nikilitaja nitakuwa nimekubali."

"Kubali, mwanangu. Mtoto anateseka."

Eunice alilia kwanza. Agustina hakuwahi kumwona akilia, na hasira yake ikapoa kidogo. Alisogea akasimama karibu na kiti, amsikie vizuri.

"Agustina," Eunice alisema polepole. "Agustina wa Maktaba."

Mtoto akanyamaza. Akafumbua macho, akamtazama Agustina usoni, akamchekea.