Ukurasa wa Shukrani

"Mungu, msimamizi, mchumba, marafiki, mama," dalali alisoma kwenye simu. "Kwa mpangilio huo huo. Mama mistari miwili inatosha, ya kawaida tu."

"Makubwa! Hata shukrani mteja ananunua?"

"Daktari, wewe andika. Kitabu kinatiwa jalada kesho."

Daktari lilikuwa jina la utani. Masomo yake mwenyewe yaliishia mwaka wa pili chuoni, alipofiwa na mume akiwa na mimba ya miezi saba. Lakini kwa miaka kumi na minane ya kuwaandikia wanafunzi kwa siri, alikuwa ameshatoa madaktari sita, wawili kati yao sasa ni wahadhiri wakali kwelikweli. Dalali hakuchoka kumtania kwamba siku ya mahafali chuo kizima kingepaswa kusimama yeye akipita.

Kazi zenyewe zilikuja vipande vipande. Mwandishi huyu anapewa sura ya pili, yule takwimu, mwingine hitimisho. Majina yanafutwa, panabaki vitone. Ni kama kununua nyama buchani, nani anauliza ng'ombe alikuwa wa nani? Dalali alijilinda hivyo, na waandishi wake wakapata usingizi.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alijua mama yake anachapa barua za maofisi. Tangu darasa la kwanza mama alimkazia: "Andika mwenyewe. Hata ukikosea, kosa liwe lako." Kijana akikwama kwenye insha, mama alitoka nje akajitia anaanua nguo, asije akashindwa kujizuia akamwambia jibu. Huyo ndiye aliyekuwa utetezi wake mbele ya Mungu. Watoto wa watu amewaandikia, sawa, lakini wa kwake anaandika kwa mkono wake. Na sasa yuko mwaka wa mwisho. Akimaliza tu, mama anaachana na kazi hii, na kijana asijue mpaka anaingia kaburini karo yake ilitoka wapi.

Basi akaketi mezani, kazi ya mwisho hiyo. Mungu alimmaliza kwa mstari mmoja. Msimamizi akapata sifa zake za kawaida, za uvumilivu na maelekezo yasiyo na kifani. Mchumba naye akapakwa mafuta kidogo. Alipofika kwa mama, vidole vikagoma.

Hasira zilimpanda. Mistari miwili! Mwanamke wa watu kabeba mimba, kazaa, kalea, kasomesha, halafu anarushiwa mistari miwili kama salamu za redioni! Alimwonea huruma yule mama asiyemjua, akaona heri amwandikie yeye, sio huyo mtoto wake asiye na haya. Akaandika yale ambayo mama yeyote angetamani kuyasikia. Kusema kweli, aliandika yale ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyasikia. Kijana wake si msemaji. Miezi mitano hajakanyaga nyumbani, na akipigiwa ni neno lile lile: "Nimebanwa na utafiti, mama, nitakupigia."

Mistari miwili ikawa ukurasa mzima na ziada. Alilia, jamani, machozi na kamasi, hadi akashindwa kuona anachoandika. Kisha akanawa uso, akatuma.

"Umezidisha," dalali alimjibu jioni. "Lakini mteja kapenda. Hajagusa hata nukta."

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya Jumamosi, kijana aliporudi nyumbani, mama alikuwa ameshafuta mafaili yote kwenye kompyuta na kuchoma madaftari ya maelekezo. Hata hivyo roho ilikuwa juu juu. Huyu si mtoto tena, ni msomi, anaweza kuunganisha mambo. Kila kijana alipotupa jicho kwenye ile meza, mama alimsogezea chai.

Lakini kijana hakuwa na habari na meza. Alifungua begi, akatoa kitabu cha jalada jeusi, jina lake limechapwa kwa dhahabu.

"Hiki chako, mama."

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya lile jina, herufi moja moja, moyo umemjaa pomoni.

"Umeandika mwenyewe, mwanangu?"

"Si wewe ndiye uliyenifundisha?"

Mama alicheka huku akifuta macho kwa upande wa khanga. Miaka kumi na minane, na haikuwa bure.

"Kaa hapa," kijana alisema, akikichukua tena. "Kuna mahali nataka nikusomee. Unanijua, haya mambo kwa mdomo siyawezi."

Akakohoa kidogo, akaanza.

"'Na kwa mama. Sikuwahi kukuuliza ulitaka kuwa nani kabla hujawa mama yangu. Nilikuta chakula mezani nikala, nikakuta karo imelipwa nikasoma, nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Sikuwahi kukuuliza ulichoka lini.'"

Sauti ilimtetemeka. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

"'Ulikaa peke yako miaka yote hiyo ukidhani hakuna anayetazama. Leo nimemaliza, na kuna jambo moja tu nataka ulijue,'" kijana alisoma, kisha akalowesha kidole afungue ukurasa wa pili. Karatasi zilikuwa mpya, zimegandana.

"'Wakati wote huo, mama, nilikuwa nakuona,'" mama akamalizia, kabla ukurasa haujafunguka.