Pumzi ya Sonara

Nesi alishika uzi wa pamba mbele ya midomo yangu. "Puliza, Fundi Dhirendra."

Nilipuliza. Uzi ulilala sawasawa, kama ulimi wa moto ninaoupuliza kwa mrija dukani kwangu Majengo tangu kabla ya Uhuru.

"Mapafu mazima," alisema daktari, akageukia kitanda cha pili.

Kongosho langu lilikuwa limevimba, hiyo ikiwa siku ya tatu. Nikivuta hewa, maumivu yalinikata chini ya mbavu, basi nilikuwa navuta kidogo kidogo tu.

Nesi hakuondoka. Alinibana mashavu kwa vidole. "Puliza tena."

Uzi haukutikisika.

"Daktari, rudi! Fundi huyu alipounga hereni zangu hizi nilikaa mbele yake. Masonara hupuliza kwa hewa ya mashavuni. Kifuani mwake hamna kitu."

Wakaniketisha, wakanichoma sindano ya maumivu, wakaleta mtungi wa oksijeni. Maumivu yalipopoa, nesi aliweka kiganja juu ya tumbo langu.

"Vuta taratibu, unisukume mkono."

Nikavuta. Kiganja chake kikapanda, na hereni zikacheza masikioni mwake.

Pumzi ile ya kwanza sikuiweka akiba. Niliitumia yote kusema, "Asante, binti yangu."