Mizunguko Miwili ya Waya

"Mtego wako umenasa nini leo, mama watoto?" seremala alitania akiingia.

Mkewe hakucheka. Alikuwa akiigeuzageuza kando ya redio ile fremu ya mbao aliyoizungushia waya ili inase stesheni za mbali. Redio ilitoa mikwaruzo tu.

"Mama anahojiwa sasa hivi kwenye redio ya kwao! Tangu mpaka wa nchi ufungwe sijasikia sauti yake. Na jana ilishika vizuri!"

Utani ukamkauka seremala kinywani. Asubuhi yeye ndiye aliyekata mizunguko miwili ya waya wa fremu, akafungia banda la kuku. Aliona iliyobaki inatosha.

Akatoka mbio, akaufungua bandani, akarudi kuuunganisha kwenye fremu mbele ya mkewe.

Mama mkwe akasikika kana kwamba yuko chumbani: "...haya, wanangu, kwaherini."

Muziki ukaanza. Mkewe akaendelea kuigeuza fremu, polepole.