Nje ya Ukuta wa Matumbawe

Hebu niambieni, wanangu: mwanamke anayemlisha supu, kijiko kwa kijiko, mtu aliyemkatalia kumzika mwanawe makaburini, mngemwita mtakatifu au mpumbavu?

Kijijini walimwita yote mawili. Kalolaine hakujali. Kila alasiri alijifunga kiunoni mkeka wake wa matanga, vazi la wafiwa wa kwao, ule uliokwisha kuchanika pembe, akabeba supu ya samaki yenye tui, akaenda kwa Mchungaji Saimone, ambaye tangu mvua zianze alikuwa kitandani, amevimba miguu na pumzi zinamwishia.

Alitaka neno moja tu kabla hazijaisha kabisa: Feleti wake aingizwe ndani ya ukuta wa makaburi.

Feleti alikufa kwa homa siku ya Ijumaa, angebatizwa Jumapili. Angebatizwa mapema zaidi, lakini shangazi zake walisema mikeka ya zawadi za siku hiyo haijaisha kufumwa, na kule Tonga, shangazi akisema ngoja, unangoja. Mchungaji, wakati huo kijana mwenye sauti kama kengele, akashika sheria ya kijiji: asiyebatizwa hulazwa nje ya ukuta wa matumbawe, chini ya mshelisheli. Hata jina hakulitaja, maana kwao jina hutolewa kwenye maji. Miaka yote alisema tu "yule mtoto."

"Mchungaji," Kalolaine alisema akipuliza supu, "yule mnyang'anyi msalabani, nani alimbatiza?"

"Umeanza tena."

"Sijaanza, naendelea. Hakuguswa na tone, na akaahidiwa pepo siku ile ile."

"Na Nikodemo aliambiwa nini? Bila maji na Roho, hakuna kuingia."

"Haya, twende kwa Marko. Atakayeokoka ni aliyeamini na kubatizwa. Atakayehukumiwa ni asiyeamini. Mbona hapo hatajwi asiyebatizwa? Bwana alisahau?"

Mchungaji akacheka mpaka kikohozi kikamkata. "Ungekuwa mwanamume ningekuachia mimbari."

"Mimbari baki nayo. Mimi nipe ukuta."

Kicheko kikatoweka usoni mwake. "Yule mnyang'anyi alipigiliwa misumari, Kalolaine. Hakuwa na miguu ya kumpeleka majini. Lakini mtu mwenye miguu, na maji yapo, naye akangoja, huyo atajitetea kwa mstari gani?"

Kalolaine akaweka kijiko chini. Alihisi anasemwa yeye.

Hata hivyo kesho yake alirudi, akapitia kwanza kwa mwanawe. Zamani kila Jumamosi alikuta kaburi limekwisha kupaliliwa na kumwagiwa mchanga mweupe; alidhani ni Malakai, mzee wa kanisa. Tangu mvua zianze, magugu yalikuwa yamefika magotini. Hata Malakai amechoka, akawaza.

Malakai mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwa mgonjwa, kofia mkononi. "Mchungaji, tumekuchagulia pahali pazuri, pale pale mlangoni mwa kanisa. Hata mimi natamani nife upesi nipapate!"

"Nani aliwatuma?" Mchungaji alifoka.

"Lo! Basi usife, baba." Malakai akaenda zake akinung'unika.

Kalolaine akafungua sanduku atafute shuka safi. Chini kabisa alikuta gauni dogo jeupe la ubatizo, kazi ya marehemu mama yake Mchungaji, aliyemzaa mwaka ule kimbunga kilipolichukua kanisa la zamani pamoja na mchungaji wake. Lilikuwa na lesi kifuani na vifungo vya kombe. Pindoni uzi wa bandi, ule wa kushikizia kwa muda kabla nguo haijavaliwa, ulikuwa bado haujafumuliwa. Fundi kama yule, akawaza, kusahau uzi wa bandi! Akalikunja, akalirudisha.

"Kwa mara ya mwisho, Mchungaji," alisema. "Mwanangu aingie?"

"Siwezi. Nikimwingiza leo, watu watasema nilijipendelea."

"Ujipendelee wewe? Kwani mtoto ni wako?" Akachukua bakuli lake. "Basi kamjibu Mungu mwenyewe. Mimi nimechoka."

Alikuwa amefika kizingitini alipoitwa kwa jina ambalo hakuwa amewahi kuitwa na yeyote.

"Mama Feleti."

Bakuli likamponyoka.

"Rudi ukae. Wewe ndiye pekee utakayethubutu kuwaambia." Mchungaji akavuta pumzi, akangoja ya pili ije. "Wasinizike mlangoni mwa kanisa. Wanilaze kule nje, chini ya mshelisheli, kando ya Feleti. Mimi nami sikuguswa na tone."