Hotuba ya Kiboko Kwenye Vumbi la Chokaa

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanaamkia kazini, Kiboko alikuwa na kiwanda cha kusaga chokaa, na hakuna alichokipenda kama kuhutubia. Kila Ijumaa aliwakusanya wafanyakazi getini, penye upepo mwanana.

Bi Digidigi, mpakiaji magunia, alikuwa amekohoa mwaka mzima. Akaenda kuomba madirisha.

"Vumbi haliui," Kiboko akamjibu. "Mnadeka tu."

Digidigi akaondoka akiwaza, kisha akarudi akitabasamu. "Bosi, hotuba zako ni tamu mno, zinapotea bure getini. Njoo utuhutubie ndani, mashine zikisaga, utupe nguvu ya kazi."

Kiboko akavimba kichwa. Ijumaa ilipofika akasimama kando ya mashine, akafungua lile domo lake pana kama lango. "Ndugu wafanya..."

Vumbi lote likaingia. Akakohoa, akapiga chafya, akatimua mbio, na kwa kuwa macho yalijaa chokaa asiuone mlango, akapita ukutani, akaacha tundu.

"Endelea, bosi!" Digidigi akapaza sauti, akivuta hewa safi kwenye tundu lile. "Tunakusikiliza!"

Kesho yake barakoa ziligawiwa, na mafundi wakatoboa madirisha manane. La tisa walilikuta tayari, lina umbo la kiboko.